Ukaguzi wa ununuzi unakuja mabomba yakiwa yameshafukiwa. Unamsaidia nani kwenye mradi?

#1 NyandoMaji (Ahero)
Hamjambo wadau. Jambo hili limenikaa rohoni wiki mbili sasa. Mimi ni katibu wa kamati ya mradi wa maji wa jamii huku kwetu Nyando. Tangi liko mlimani, maji yanashuka yenyewe hadi bondeni kwenye vioski vitano. Kutoka tangi hadi kioski cha mwisho ni mteremko wa mita 80 hivi. Karatasi za tenda ziliandika bomba la PN10 na tulilipa bei ya PN10. Bomba lilipoanza kupasuka, kila mara usiku, tukachimba na kukuta ubavuni limeandikwa PN6.

Ukaguzi wa ununuzi ulifanyika. Ulikuja miezi kumi na sita baada ya mitaro kufukiwa. Mkaguzi alikaa ofisini siku mbili, akasoma faili, akaandika kwamba tenda ilitangazwa, kamati ya tathmini ilisaini na hati ya kupokea bidhaa ipo. Kasoro aliyoiona ni moja tu: kumbukumbu za mkutano mmoja hazikuwa na tarehe. Bomba hakuliulizia na hakuna aliyempeleka kuliona.

Naomba mnieleze. Huu ukaguzi una kazi gani kwenye usimamizi wa mradi ikiwa unafika mradi umeshakufa? Mimi naona ufanywe katikati, kabla ya malipo ya mwisho, au usifanywe kabisa.

#2 RongaiFundi (Nakuru)
Pole ndugu. La ukaguzi waachie wasomi, mimi nikuambie la bomba. PN6 inabeba presha ya bar 6, yaani maji yaliyosimama kimo cha mita 60. Mchana watu wakichota presha hushuka, maji yanapoteza nguvu yakisuguana na bomba. Usiku kila mfereji umefungwa, hapo kimo chote cha mita 80 kinalilalia bomba la chini. Ndiyo maana mnaamka asubuhi mkikuta dimbwi.

Kwa hiyo usichimbe lote. Sehemu ya juu ambayo haijashuka mita 60 kutoka tangini inaweza kubaki. Badilisha ya chini, au jenga tangi dogo la kupunguza presha katikati ya mteremko.

#3 NyandoMaji
@RongaiFundi Mungu akubariki. Hilo la tangi dogo hakuna aliyewahi kutuambia.

#4 Mkaguzi_wa_Ndani (Kisumu)
Mimi hii ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo nisomeni mkijua hivyo. Kuna wakaguzi wa aina nyingi na watu huwatia wote kwenye kapu moja.

Mkaguzi wa ndani yuko taasisini mwaka mzima na anaweza kuingia kwenye mradi siku yoyote. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anabanwa na Katiba ya Kenya, kifungu cha 229: mwaka wa fedha unaisha Juni 30, yeye ana miezi sita ya kukagua na kutoa ripoti, kisha Bunge au bunge la kaunti lina miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Halafu kuna PPRA, mamlaka ya kusimamia ununuzi wa umma, ambayo hukagua kama taratibu za Sheria ya Ununuzi ya 2015 zilifuatwa. Na wafadhili wana wakaguzi wao: mikataba mikubwa wanaipitia kabla haijasainiwa, midogo wanachukua sampuli baadaye.

Aliyekuja kwenu anaelekea kuwa huyo wa sampuli ya baadaye. Yeye alitumwa kujibu swali moja: je, utaratibu ulifuatwa? Ulifuatwa. Swali la kama bomba ni lenyewe hakupewa. Ukitaka lijibiwe, liandikwe kwenye hadidu za rejea na aje na mhandisi.

#5 Nyakwar_Seme
Mkaguzi Mkuu: Juni hadi Desemba, kisha miezi mitatu bungeni. Mwanakandarasi akipokea pesa Agosti, hoja yake ya ukaguzi inajadiliwa mwaka wa pili baada yake. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

#6 Mkaguzi_wa_Ndani
@Nyakwar_Seme Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2015 inamruhusu Mkaguzi Mkuu kufanya ukaguzi wa ununuzi peke yake, mbali na ule wa hesabu za mwaka, na pia ukaguzi wa utendaji. Si lazima angoje Juni. Shida ni watu na muda. Miradi ni mingi kuliko wakaguzi.

#7 MhandisiMstaafu (Nakuru)
Nimesimamia kazi za maji na barabara zaidi ya miaka thelathini. Mnamlaumu mkaguzi kwa kazi isiyo yake. Sheria ya Ununuzi ya 2015, kifungu cha 48, inaweka kamati ya ukaguzi na upokeaji: mwenyekiti na wengine wasiopungua wawili. Hao ndio wanaosimama mbele ya lori na BQ (orodha ya vifaa, kiasi na bei) mkononi. Bomba la PE, yaani la plastiki, huandikwa ubavuni kila mita: aina, kipenyo, SDR (kipenyo ukigawa kwa unene wa ukuta), PN. Halihitaji maabara, linahitaji macho na rula. Kama ni PE100 ya milimita 63, PN10 ni SDR17 na ukuta wake ni karibu milimita 3.8. PN6 ni SDR26, ukuta karibu 2.5. Tofauti hiyo unaihisi kwa kidole gumba.

Sasa kijana, ni nani alisaini hati ya kupokea?

#8 NyandoMaji
Mzee, tulisaini watatu. Mimi ni mmoja wao.

Lori lilifika saa moja usiku, mvua inanyesha, dereva anasema lazima arudi usiku huohuo. Tulihesabu roli, zikatimia 24, tukasaini kwa mwanga wa simu. Hakuna aliyetufundisha kusoma yale maandishi. Nilijua PN10 kama jina tu lililo kwenye karatasi.

#9 MhandisiMstaafu
Asante kwa kusema ukweli. Wengi wangenyamaza. Basi jibu la swali lako la kwanza ndilo hilo: kasoro ilipita kwenye lango lenu, si kwa mkaguzi.

#10 BiKarani (Eldoret, mzaliwa wa Vihiga)
Mzee @MhandisiMstaafu, kwa heshima zote, siafiki. Mtu asiyefundishwa kusoma bomba hawezi kubebeshwa lawama ya bomba. Na ukaguzi mzuri ungegundua hilohilo: kamati ya kupokea haikuwa na mtu mwenye ujuzi. Hilo ni pengo la utaratibu na lingeonekana hata kwenye karatasi. Mkaguzi alitazama saini, hakuuliza ni saini za akina nani.

Nami niko ofisi ya ununuzi, niwaeleze ukaguzi unavyotufanya tukae. Tunanunua kwa kuogopa hoja. Sheria inasema bei ya chini kabisa *miongoni mwa waliopita tathmini ya kiufundi*. Lakini nikimpa wa pili kwa bei kwa sababu za kiufundi, nitaandika kurasa tano za kujitetea na bado nitaitwa. Nikimpa wa kwanza, hata kama kila mtu anaona bei yake haiwezi kununua PN10, hakuna atakayeniuliza. Mkaguzi akija anakuta faili safi. Mimi naamini bomba lenu la PN6 lilinunuliwa siku hiyo, mezani, kabla lori halijawashwa.

#11 DadaSimiti (Kakamega)
Wote mmezunguka mbuyu. Tatizo ni malipo. Mimi ni muuzaji, nimesajiliwa kwenye ile asilimia 30 ya vijana, wanawake na walemavu. Nilipeleka magodoro na blanketi kwa taasisi moja ya umma, sitaitaja. Nikangoja miezi kumi na nne, mkopo wa benki unapanda kila mwezi. Tenda iliyofuata niliongeza bei, na wenzangu nawajua wanaofanya la pili: bei ileile, bidhaa ya chini. Mtu akijua atalipwa mwaka ujao, anajilipa leo kwenye ubora. Hakuna mkaguzi aliyewahi kuandika hoja kwamba taasisi ilichelewa kunilipa, lakini faili yangu ikikosa karatasi moja ni hoja.

#12 Mkaguzi_wa_Ndani
@DadaSimiti Hapo utanisamehe, dada. Madeni ambayo hayajalipwa yanaandikwa, kila mwaka, kaunti kwa kaunti, na Mkaguzi Mkuu na pia Msimamizi wa Bajeti. Yanasomwa hata kwenye habari.

#13 DadaSimiti
Yanaandikwa kama jumla. Jina langu halimo. Lakini acha niwe mkweli: siku niliyolipwa nililipwa kwa sababu ya mkaguzi. Mkuu wa stoo alikuwa amehamishwa na mpya anasema hajui magodoro yangu. Mkaguzi alifungua vitabu vya stoo, akaikuta S13, hati ya stoo ya kupokea mali, yenye namba ya hati yangu ya kupeleka mzigo. Wiki tatu baadaye pesa iliingia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na yangu ilikuwa njiani kupotea.

#14 OmwanaWaButere
Kwa hiyo mulamwa, unawalaumu wakaguzi na wao ndio waliokulipa 😀

#15 DadaSimiti
@OmwanaWaButere Nimesema yote mawili na yote ni kweli. Rudi kwenye chai yako.

#16 MwalimuLugari
Shuleni kwetu tulijenga madarasa mawili, kamati ya mradi ni wazazi na walimu. BQ ilisema mabati geji 28. Yalipofika, mzazi mmoja aliyewahi kuwa mtunza stoo wa kiwanda cha sukari alitoa kifaa chake cha kupimia unene, akasema hii ni geji 30. Wengine wakashangilia, wakidhani 30 ni zaidi ya 28. Akawaeleza kwamba geji ikipanda bati linakuwa jembamba. Tulikataa mzigo, ukarudishwa, yakaja sahihi baada ya siku tisa. Hiyo ndiyo naita ukaguzi.

#17 RongaiFundi
Sawasawa na SDR ya bomba. Namba kubwa, ukuta mwembamba. Wauzaji wabaya wanapenda sana namba zinazokwenda kinyumenyume.

#18 MhandisiMstaafu
@MwalimuLugari Huo ni upokeaji, si ukaguzi wa ununuzi.

#19 MwalimuLugari
Mzee, mzazi na mtoto wake hawajali linaitwaje. Bati liko juu na mvua haiingii.

#20 Mkadiriaji_KSM
Mimi ni mkadiriaji majenzi. Niongeze jambo ambalo mkaguzi wa baadaye hawezi kuliponya na mkaguzi wa kabla anaweza. Kuna mtindo wa kupakia bei mwanzoni mwa BQ. Kusafisha kiwanja, kuchimba msingi, vibanda vya kazi: bei za juu kupita kiasi. Rangi, milango, vigae: bei za kutupwa. Jumla inatoka ndogo na tenda inashinda. Mwanakandarasi akilipwa cheti cha malipo cha kwanza na cha pili ameshavuna. Kazi iliyobaki kwake ni hasara tupu, kwa hiyo anaanza kuchelewa, baadaye simu haishikwi. Ukipita njiani unaona kuta zimefika kwenye lenta na nyasi zimeota ndani.

Hilo linaonekana siku ya tathmini. Unalinganisha bei ya kila kipengele na makadirio ya mhandisi, si jumla na jumla. Kwa hiyo @NyandoMaji mimi nisingesema katikati. Ningesema kabla ya kusaini.

#21 KijanaWaWebuye
Wanachofanya siku hizi ni kushinda kwa bei ya chini kisha kuomba nyongeza. Sheria inaruhusu asilimia 15 ya mkataba, basi wanaijaza yote.

#22 BiKarani
@KijanaWaWebuye Sahihisho: 15 ni ya kiasi cha bidhaa na huduma. Kazi za ujenzi ni 20. Na mabadiliko yote yakijumlishwa yasipandishe bei ya mkataba zaidi ya asilimia 25. Kifungu cha 139.

#23 KijanaWaWebuye
Asante. Basi ni mbaya kuliko nilivyodhani.

#24 Nyakwar_Seme
Ukaguzi wetu ni kama VAR inayoitwa ligi ikiwa imeisha na kombe limeshapelekwa nyumbani.

#25 OmwanaWaButere
Usilete mpira, omera. Sisi wa Ingwe (AFC Leopards) tukianza kudai marudio ya mechi zetu na K'Ogalo (Gor Mahia) hatutalala.

#26 Nyakwar_Seme
Hata VAR itawaonea huruma. Haya, turudi kwenye mabomba.

#27 MkulimaMolo
Mbona hakuna anayetaja Bwawa la Itare? Hapa Kuresoi kazi ilisimama 2018, kampuni ya Italia iliyokuwa ikijenga, CMC di Ravenna, ilipoingia kwenye matatizo ya kifedha huko kwao. Tuliahidiwa maji hadi Nakuru mjini. Ukaguzi gani ungezuia hilo?

#28 Mkadiriaji_KSM
Sheria inaruhusu mshindi achunguzwe uwezo wake kabla ya kupewa mkataba, kifungu cha 83. Lakini kampuni inaweza kuwa nzima siku ya kusaini na kuugua miaka baadaye. Hapo kinachosaidia ni dhamana ya benki iliyo hai na malipo yasiyotangulia kazi. Mkaguzi wa kila robo mwaka angeuliza mambo mawili tu: dhamana inaisha lini, na tumelipa zaidi ya kilichojengwa?

#29 MkulimaMolo
Maswali mawili. Na sisi bado tunachota mtoni.

#30 KaraniWaBungoma
Mimi ningerudi nyuma zaidi. Kifungu cha 53: hakuna ununuzi bila mpango wa ununuzi wa mwaka. Kwenye karatasi mpango upo. Kwenye maisha, pesa za kaunti zinachelewa kutoka Nairobi, Machi inafika bila kitu, kisha Mei na Juni kila idara inakimbia kabla IFMIS, mfumo wa malipo wa serikali, haujafungwa. Mwezi mmoja unatangaza, unatathmini, unasaini, unapokea. Nimewahi kuona bidhaa za idara nne zikipokewa siku moja na kamati ileile ya watu watatu. Watapima nini? Na hapo ndipo kazi hugawanywa vipande ili iingie kwenye kiwango cha nukuu za bei (kununua bila tenda ya wazi), milioni 3 kwa bidhaa na milioni 5 kwa ujenzi, jambo ambalo kifungu cha 54 kinakataza waziwazi. Mkaguzi anaandika "ununuzi uligawanywa". Haandiki "pesa zilifika Mei".

#31 Mkaguzi_wa_Ndani
@KaraniWaBungoma Hapo umenigusa. Ni kweli, tunaandika kosa na kuacha chanzo. Ila niseme nilichokiona: nikianza kwenda viwanjani mwezi wa Februari, hata bila mamlaka ya kusimamisha kitu, wasimamizi wa miradi wananipigia wenyewe. "Njoo uone hiki kabla sijalipa." Wanajua hoja ya Februari inarekebishika na ya Desemba inaandikwa kwenye ripoti.

#32 KijanaWaWebuye
Na mkaguzi akianza kushauri kabla ya malipo, baadaye atakagua ushauri wake mwenyewe?

#33 Mkaguzi_wa_Ndani
Swali zito. Simwambii afanye nini. Namwambia ninachokiona. Lakini mstari ni mwembamba, nakubali.

#34 MhandisiMstaafu
Huo si mstari, ni shimo. Enzi zetu klaki wa kazi alikaa kiwanjani kila siku na daftari: leo mifuko mingapi ya simiti imefunguliwa, mtaro umefika kina gani, nani amekuja. Mkaguzi akija miaka mitatu baadaye anasoma lile daftari na kuona mradi mzima. Miradi midogo ya sasa imefuta nafasi hiyo ili kuokoa mshahara wa mtu mmoja. Rudisheni klaki wa kazi, mkaguzi atapata cha kukagua.

#35 Nyakwar_Seme
Daftari lenyewe litunzwe. Sheria si inasema miaka saba?

#36 BiKarani
Sita, tangu mkataba kukamilika. Kifungu cha 68. Na @NyandoMaji, kabla watu hawajakupeleka PPRA: mradi wenu ni wa serikali au wa shirika?

#37 NyandoMaji
Wa shirika. Kaunti ilitoa ardhi ya tangi tu.

#38 BiKarani
Basi vifungu vyote tulivyovitaja vinakufaa kama mwongozo, lakini kinachowafunga ni mkataba wenu na mfadhili na taratibu alizowapa. Usome ukurasa wa malipo. Mara nyingi kuna asilimia inayozuiwa hadi muda wa kasoro, yaani wa kurekebisha kasoro, uishe. Mlishamlipa muuzaji yote?

#39 NyandoMaji
Nimekwenda kuangalia, ndiyo maana nimekawia. Muuzaji wa bomba alilipwa yote. Lakini mwanakandarasi wa kulaza bomba bado tunashikilia asilimia 10 yake, na muda wa kasoro unaisha mwezi ujao. Mkataba unasema alipaswa kuthibitisha vifaa kabla ya kuvilaza. Sikuwa nimewahi kuusoma mstari huo.

#40 MhandisiMstaafu
Mwandikie barua leo, si kesho. Orodhesha kila palipopasuka na tarehe. Piga picha ya maandishi ya bomba ukiweka rula pembeni. Nakala kwa mfadhili.

#41 BiKarani
Na umwombe mfadhili ukaguzi wa pili wenye mtu wa ufundi, sasa hivi pesa ikiwa bado mkononi. Wa kwanza ulikagua karatasi, haukukagua bomba.

#42 DadaSimiti
Lakini asilimia 10 ya fundi haitanunua bomba jipya, na aliyeuza PN6 anaendelea kuuza. Mimi bado nasema angelipwa kwa wakati asingefanya hivyo.

#43 NyandoMaji
Dada, huyu alilipwa ndani ya wiki mbili.

#44 DadaSimiti
Sawa. Huyo hana hata hicho cha kusingizia.

#45 RongaiFundi
@NyandoMaji kabla ya kununua chochote, pima presha ya usiku kwenye kila kioski. Unafunga geji kwenye mfereji saa nne usiku, unasoma saa kumi alfajiri. Ukipata zaidi ya bar 6 mahali, hapo ndipo sehemu ya kubadilisha inapoanza.

#46 NyandoMaji
Barua nimeandika, inaondoka asubuhi. Geji ya presha sina. Kuna mtu Ahero, Muhoroni au hata Kisumu mjini anayeweza kuniazima siku tatu?

#47 Mkadiriaji_KSM
Ninayo, ya bar 16. Niko mjini, niandikie inbox nikupe namba. Uje na mfuko, imejaa vumbi la konkriti.